Gitaa Linapiga Mluzi? Kabla Hujanunua Pedali Weka Kiganja Kwenye Nyuzi

Nianze na aibu yangu. Harusi moja hapa Dar, ukumbi wa vigae chini, vioo pembeni, dari la jipsamu, yaani ukitoa yale mapazia nyuma ya meza kuu hamna kitu laini hata kimoja mle ndani. Maharusi wako mlangoni, MC kashaomba makofi, mimi ndo natakiwa kufungua na solo, nikaachia nyuzi sekunde moja tu nikanyage pedali ya distoshoni, fiiiiiiii. Watu wakaziba masikio, matron akanikata jicho mpaka leo nalikumbuka, nikapunguza trebo wapi, nikasogea mbele mluzi ukabadilika nota lakini haukuisha, mwisho nikachomoa waya nikaingia wimbo kavu kavu kama mtu anapiga chumbani kwake. Kesho yake asubuhi na mapema nikaenda dukani kununua noizigeti, yaani pedali ya kuzima kelele, muuzaji kanihakikishia "kaka hii inamaliza kila kitu", wiki iliyofuata mluzi ukarudi vilevile na hela imeshaondoka.

Kosa langu lilikua sikujua ule ni mluzi gani, maana sio wa aina moja, na dawa ya huu haitibu ule.

Kwanza uelewe kinachotokea, ni kitu rahisi sana. Uzi unatikisika, pikapu inausikia (pikapu ya gitaa jamani sio gari, ile sumaku iliyokaa chini ya nyuzi), amplifaya inakuza, spika inaitoa, ile sauti inapita hewani inarudi kuugonga uzi uleule au mbao za gitaa au pikapu yenyewe, uzi unatikisika tena, pikapu inasikia tena, ni mduara. Kama kila inapozunguka inarudi ndogo kuliko ilivyotoka basi inakufa yenyewe na wala hutojua kama ilikuwepo. Ikirudi sawasawa au kubwa zaidi hapo haifi tena, inapanda tu mpaka amplifaya ifike mwisho wa nguvu zake, ndo ile fiiii unayoisikia. Fidibeki ni hiyo tu, na kuizuia ni kuuvunja huo mduara sehemu moja, popote.

Sasa kipimo, hakikugharimu hata shilingi. Ukiwa mazoezini, sio kwenye shoo, weka kila kitu kama unavyopiga siku zote, acha mluzi uanze, usiuogope. Kisha laza kiganja cha kulia juu ya nyuzi zote sita, na mkono wa kushoto nao uzibe kule shingoni, ziwe zimekufa kabisa. Mluzi ukikata hapohapo, tatizo ni nyuzi zinatikiswa na spika, na hii ndo kesi ya watu wengi. Nyuzi zimezibwa na bado inalia, zungusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri. Ikinyamaza hapo basi kinacholia ni pikapu yenyewe au bodi ya gitaa, tutafika. Gitaa liko sifuri na bado inalia, chomoa waya kwenye amplifaya: ikinyamaza angalia pedali na waya wako, isiponyamaza basi ni amplifaya yenyewe au ni maiki za ukumbini na gitaa lako linasingiziwa bure. Nimeshaona mpiga gitaa anatukanwa nusu saa nzima kumbe ni maiki ya kwaya imegeukia monita, ile spika inayomwangalia mpigaji jukwaani.

Haya, kesi ya kwanza, nyuzi. Hapa dawa kubwa ni mahali unaposimama na mahali ilipo amplifaya, na watu hawataki kuamini kwa sababu ni bure. Spika ya gitaa inatupa sauti kali kali mbele yake kama tochi, ukisimama mita moja mbele ya ule mwanga na gitaa limeangalia spika, umeufunga mduara mwenyewe. Sogea pembeni, ugeuze bodi isiangaliane na spika, uongeze umbali. Kwenye uwazi ukizidisha umbali mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6, ndani ya ukumbi haipungui kiasi hicho kwa sababu kuta zinairudisha lakini bado utaona tofauti. Alafu kuna kitu kinachekesha, sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo nota ya hezi 250, yaani inayotikisika mara 250 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 1.4, ukisogea nusu ya hapo, sentimita 70, hatua moja tu, lile wimbi lililokua linausukuma uzi sasa linaupinga. Ndo maana pale harusini niliposogea mluzi ulibadilika nota, ile nota niliipotezea njia, nyingine ikapata. Kwahiyo usikimbie jukwaani kama umepagawa, sogea taratibu utafute sehemu iliyotulia, ukiipata weka alama sakafuni na utepe.

Lakini chanzo cha uchafu wote huu mi naona ni masikio yako yako kichwani na amplifaya iko chini magotini. Fikiria vizuri hapa. Umeiweka amplifaya sakafuni, ile tochi ya trebo inamulika magoti yako na kiti cha mpiga besi, wewe hujisikii, unaongeza volyumu, bado hujisikii, unaongeza trebo, unaongeza geini (kile kitufe cha kukuza na kuchafua sauti), wakati huo mtu wa meza ya tatu anasikia gitaa linamkata masikio na nyuzi zako zinapigwa na sauti kubwa ambayo hata hukuihitaji. Ipandishe juu ya kiti au kreti la soda lililosimama vizuri, au iinamishe nyuma iangalie uso wako, kisha wewe ukae mita mbili tatu na pembeni kidogo. Utashangaa, utajikuta unapunguza mwenyewe bila kuombwa. Na usiibane kwenye kona, kona ya kuta mbili na sakafu inaongeza besi, unapata mngurumo ambao hata haupo kwenye amplifaya yako.

Baada ya mahali ni geini, na hapa vijana mtanichukia. Distoshoni kazi yake ni kukuza sauti ndogo kwa nguvu na zile kubwa inazikata kichwa, matokeo yake uzi ukitikisika kidogo tu kwa upepo wa spika unakuzwa karibu sawa na uliopigwa kwa nguvu. Ndo maana gitaa safi unaweza kulipiga kwa sauti kubwa ukumbi mzima ukatikisika lisilie, ukiweka geini kubwa, hata chumbani na volyumu ndogo linapiga mluzi. Wazee wetu wa dansi na rumba walikua wanapiga solo safi, nota zinahesabika moja moja, na hilo peke yake liliwapunguzia usumbufu mwingi. Jaribu hivi: geini yako ya kawaida irudishe robo, piga na bendi nzima sio peke yako. Peke yako itasikika nyembamba, ndani ya bendi utakuta ndo inapenya vizuri zaidi. Kompresa, pedali ya kusawazisha sauti ndogo na kubwa, nayo ni mdogo wake distoshoni, ukiiweka mbele ya ovadraivu (distoshoni laini) mbili zilizowaka kwa pamoja usimlaumu mtu.

Na ujifunze volyumu ya gitaa jamani. Kile kitufe hakikuwekwa kwa urembo. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kikae karibu nacho, ukimaliza frezi unakirudisha, ukianza unakifungua, ikiwa tabia hutofikiria tena. Sehemu ambazo hupigi ziba nyuzi kwa kiganja, hata zile ambazo huzitumii kwenye solo, maana uzi wa sita ukiachwa wazi unapenda sana kuanza kunguruma wenyewe wakati wewe uko juu kwenye freti ya kumi na mbili. Kuna wanaofunga ile raba ya nywele pale mwanzo wa shingo kwenye freti ya kwanza wakati wanarekodi solo za juu, muombe dada yako moja. Vipande vya nyuzi kule kichwani nyuma ya nati (kile kipande chenye mikato kinachoshika nyuzi mwanzo wa shingo) navyo vinatikisika, na kama gitaa lako lina tremolo, kile chuma cha kuyumbisha nota, springi za mgongoni zinalia pia, chomeka kipande cha sponji humo, ndogo tu.

Kama umefanya yote hayo na bado kuna nota moja inakusumbua, hapo ndo ekolaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha sauti fungu kwa fungu, inaingia. Sio kupunguza trebo yote mpaka gitaa liwe kama limefunikwa blanketi. Chukua pedali ya ekolaiza yenye vitelezi saba, simama pale unaposimama siku zote, pandisha kitelezi kimoja kimoja taratibu sana, kile ambacho ukikigusa tu mluzi unaamka ndo mwenyewe. Kishushe desibeli 3, isipotosha shusha mpaka 6, vingine viache. Kwa kawaida mluzi mkali unakaa juu huko hezi 2000 kwenda 4000, na ule wa kukoroma unakaa chini kati ya 100 na 250.

Huo wa kukoroma ndo ugonjwa wa magitaa yenye tumbo, ya jazi, na gitaa kavu lenye pikapu ambalo kwaya nyingi wanalipenda. Tumbo la gitaa ni boksi la hewa, spika inalipuliza nalo linaitikia, gitaa kavu la kawaida hewa yake inaitikia karibu na hezi 100, kwahiyo hata ukiziba nyuzi bado bodi inatikisika. Sio tatizo la kwetu sisi wa vyombo vya bei ya chini tu. Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, walitoa gitaa la ES-335 mwaka 1958 wakaweka mti mzima katikati ya bodi toka juu mpaka chini, sababu mojawapo ni hiihii. B.B. King, gwiji wa gitaa la bluzi, alikua anajaza vitambaa ndani ya gitaa lake kupitia yale matundu ili liache kulia, mwaka 1980 Gibson wakamtengenezea lake, Lucille, halina matundu kabisa. Sasa kama B.B. King aliweka taulo wewe unaona aibu gani? Kwenye gitaa la jazi sukuma sponji au kitambaa laini kwenye yale matundu, kisigonge waya za ndani, na ukifunge uzi mwembamba ili uweze kukivuta tena, maana kukitafuta na koleo ni mateso. Gitaa kavu liwekee kile kifuniko cha mpira cha kuziba tundu, kata besi chini ya hezi 100 kwenye miksa, na kama kwenye kile kipanga sauti cha ubavuni kuna kitufe cha fezi kibonyeze usikilize, saa nyingine hicho tu kinamaliza kesi kwa sababu kinageuza wimbi. Gitaa kavu kulichomeka kwenye amplifaya ya gitaa la umeme yenye geini, hapana, lipeleke moja kwa moja kwenye miksa.

Kesi ya pili, nyuzi zimekufa na bado mluzi mwembamba mkali unaendelea, na ukiongea karibu na pikapu unasikia sauti yako kwenye spika, au ukiigonga kwa kucha inasikika tok tok kama maiki. Hiyo pikapu imelegea ndani. Ndani yake kuna waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa mara elfu kadhaa kwenye sumaku, ile mizunguko ikiwa haijashikana inacheza yenyewe sauti ikiigonga. Anza na rahisi: kaza skrubu, weka sponji chini ya pikapu isining'inie kwenye springi, ishushe kidogo mbali na nyuzi. Ikigoma ndo tunaingia kwenye nta.

Nta ni kazi ya kufanya siku umetulia, hamna watoto jikoni. Mchanganyiko unaotumika sana ni nta ya mishumaa karibu asilimia 80 na nta ya nyuki 20, nta ya nyuki waulize wauza asali. Usiweke chombo cha nta moja kwa moja kwenye moto hata siku moja, nta ni mafuta, inashika moto. Sufuria kubwa yenye maji, ndani yake kopo lenye nta, na kipimajoto kiwe humo muda wote. Unataka nyuzijoto kama 65, ukipita 70 plastiki ya pikapu inaweza kupinda na hapo umeua kitu ulichokua unakiponya, mimi nilipinda moja kwa sababu nilienda kupokea simu. Itumbukize pikapu, utaona vipovu vidogo vinapanda, hiyo ni hewa inatoka katikati ya waya na nta inaingia, isubiri mpaka vipovu viishe, dakika kumi mpaka ishirini hivi, itoe, ifute nta ya nje ikiwa bado ya moto, iache ipoe kabisa ndo uirudishe. Kama ni pikapu ya zamani ya bei usiiguse mwenyewe, mpe fundi wa magitaa, na magwiji wengine hawataki kabisa ziwekwe nta kwa sababu wanasema inabadilisha sauti. Mi masikio yangu hayajasikia hiyo tofauti ila sibishani nao.

Amplifaya za taa za kioo, yaani zinazokuza sauti kwa valvu, kama unayo hongera, nazo zina mluzi wao. Taa ndogo za mbele, zile 12AX7 ambazo Ulaya wanaziita ECC83, zikichoka zinageuka maiki. Zigonge taratibu na kitako cha penseli ya mbao huku amplifaya imewaka, inayopiga kengele kwenye spika ndo mbovu, badilisha hiyo. Zinaunguza, usishike kwa mkono. Na ishia hapo kwenye taa zinazoonekana kwa nyuma, usifungue chasisi, mle ndani kuna volti zaidi ya 300 na zinabaki hata ukishachomoa umeme.

Mngurumo wa umeme sio fidibeki, niseme haraka kwa sababu watu wanachanganya. Ule wa mmmmm usiopanda wala kushuka, ukigeuka na gitaa unapungua, huo ni umeme wetu wa hezi 50 unaingia kwenye pikapu ya koili moja, au taa za ukumbini, au transfoma kubwa uliyosimama karibu nayo. Humbaka, yaani pikapu ya koili mbili, inaupunguza, na kusogea kunaupunguza. Kitu kimoja tu naomba: kuna mafundi wanakwambia katisha ule mguu wa ethi kwenye plagi, au tumia adapta ya miguu miwili, mngurumo unaisha. Ni kweli unaweza kuisha. Na siku amplifaya ikipata shoti, ule umeme utapita kwenye nyuzi, kwenye vidole vyako, mpaka midomo yako ikigusa maiki. Usikubali.

Turudi kwenye noizigeti yangu. Sio kifaa kibaya, nilikielewa vibaya. Ni mlango, ukinyamaza unafungwa, ukipiga unafunguka. Kwahiyo katikati ya maneno ya solo, pale unapoachia nyuzi, inakusaidia, iweke baada ya distoshoni na kizingiti chake kiwe chini kadri inavyowezekana, maana kikiwa juu kinakata mikia ya nota zako zinaisha kama zimekatwa na mkasi. Lakini ukishikilia nota ndefu mlango uko wazi, mluzi unapita nao bila kugonga hodi. Ndo kilichonipata.

Mwisho kuna fundi mitambo, na huyu ni rafiki yako hata kama mnagombana. Mwambie gitaa lako alitoe kwenye monita iliyo mbele yako, kama amplifaya iko nyuma yako unajisikia tayari, ukiliweka na kwenye monita umejizungushia spika pande zote. Pale harusini nilikua na kila kosa kwa pamoja: amplifaya chini kwenye kona, mimi mita moja mbele yake, geini tisa, na gitaa limejaa kwenye monita. Siku hizi nikifika ukumbini, kabla ya kutuni hata, naweka sauti ile nitakayotumia, nasimama mahali pangu, nafungua volyumu ya gitaa yote, naziba nyuzi, nahesabu mpaka kumi, kisha naachia nahesabu tena. Ikianza kulia narudisha geini kidogo au nasogeza amplifaya mpaka itulie, alafu nashusha kidogo zaidi ya hapo iwe akiba. Ukumbi mtupu unalia zaidi kuliko uliojaa watu, nguo na miili inameza sauti, kwahiyo ikitulia saa kumi jioni na viti vitupu, saa mbili usiku utakua na nafasi ya kupumua. Na ukimaliza wimbo, kabla hujainama kuchukua chupa ya maji, volyumu sifuri kwanza, maana ukiinama gitaa linageuka linaangalia spika.